Kamba ya Ukuta wa Tisa

Fundi waliyemwita Pimamaji hakuweza kulala kwenye kitanda kilichoinama. Angejilaza, angegeuka, angehema, mwishowe angeshuka na kusukuma kipande cha ubao chini ya mguu mmoja wa kitanda, aweke juu yake kile kifaa chake chenye tone la hewa ndani ya kioo, alitazame tone mpaka litulie katikati, ndipo apande tena na kuanza kukoroma kabla kichwa hakijagusa mto. Siku ya harusi yake alichelewa saa nzima kwa sababu alipita mbele ya nyumba ya watu asiowajua, akaona mlango wao umekaa upande, akavua koti. Bibi harusi alipomwona anakuja na vumbi la saruji kwenye nyusi hakuuliza amepatwa na nini. Alimpangusa kwa shela, basi. Na waliowahi kuishi katika nyumba alizozijenga wanaapa kwamba ukiweka yai kwenye sakafu yake halibingiriki. Litakaa palepale mpaka lianguliwe, na kifaranga akitoka atatembea mstari ulionyooka.

Kasoro yake ilikuwa moja, na yeye hakuiita kasoro. Futi yake ya kupimia, ile ya bati inayojikunja ndani ya kibweta chake, ilikatika pua mwaka wa pili wa kazi. Toroli lilipita juu yake, sentimita kumi za kwanza zikazama kwenye zege la choo cha watu, na mpaka leo zimo humo. Mwingine angenunua mpya. Yeye alisema namba zilizobaki ni nyingi kuliko atakazozihitaji. Tangu siku hiyo alianza kupima penye kumi, na mwisho wa safari akaongeza kumi. Akitaka mita mbili, anasoma mbili na kumi. Kwa miaka thelathini mkono wake ulifanya hesabu hiyo bila kumsumbua kichwani.

Upande wa pili wa futi alisimama shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mfupi aliyeitwa Kokoto kwa kuwa ukimkanyaga kidogo tu lazima apige kelele. Yeye ndiye aliyekuwa mshika pua, ingawa pua yenyewe haikuwepo.

Basi zahanati ikataka wodi mpya ya wazazi. Akina mama walikuwa wanajifungulia nyuma ya pazia, kwenye ukumbi uleule wa kuchomea sindano, na pazia lenyewe lilikuwa fupi. Pimamaji alijua kazi hiyo ni yake, kama mtu anavyolijua shati lake kwenye kamba ya kuanikia. Alipoitwa, alimkuta injinia amesimama uwanjani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na viatu vyake vilikuwa na matope ya kweli, si ya kujipaka.

"Fundi, wewe utajenga msingi," alisema. "Kuta zitakuja na lori."

"Matofali yatakuja na lori," Pimamaji akamsahihisha kwa upole.

"Kuta. Kumi na mbili. Zikiwa na madirisha yake na njia za nyaya ndani."

Kokoto alicheka mpaka akajishika kiuno. "Na mlango utabisha hodi wenyewe, dada?"

"Mlango tutautia hapa. Utakusubiri wewe ubishe." Injinia hakukasirika. Aliokota kijiti akachora chini. "Ukijenga kwa tofali hapa ni miezi minane ya vumbi, na wagonjwa wako ndani. Mimi nataka wiki tano. Wewe ukianza kuchimba msingi huku, kuta zinaanza kumwagwa kule kiwandani, siku ileile."

Pimamaji alikunja uso. "Yaani ukuta unazaliwa kabla msingi wake haujakauka?"

"Ndiyo hivyo."

"Watajuanaje?"

Hilo ndilo swali lililomharibia usingizi kuliko kitanda chochote. Injinia alimweleza taratibu. Juu ya msingi ataacha vyuma vimesimama, nondo fupi za urefu wa kiganja, nne kwa kila ukuta. Kila ukuta una matundu manne chini yake. Kreni inaushusha, chuma kinaingia tunduni, wanamimina uji mzito wa saruji, kwisha. Chuma kikikaa kando kwa zaidi ya unene wa kidole, ukuta unagoma.

"Mtu akikosea kidogo si anarekebisha kwenye plasta," alisema Pimamaji.

"Hakuna plasta, mzee wangu. Kuta zinakuja laini tayari."

Hapo Pimamaji alihisi kama mtu aliyeambiwa hakuna msamaha. Kila mwashi duniani amewahi kulalia plasta. Ukuta ukitoka tumbo, plasta. Kona ikikataa, plasta. Hata yeye, pamoja na yai lake na kifaranga wake, alikuwa na siri mbili tatu zilizolala chini ya plasta za watu.

"Nakuambia mapema, na sikutishi," injinia akaendelea. "Vyuma vikikaa sawa, misingi ya majengo yangu yote yanayokuja ni yako. Kuna madarasa, kuna nyumba za walimu. Visipokaa, kuta zinarudi kiwandani na mimi natafuta mtu mwingine."

Pimamaji alikuwa na miaka hamsini na minane, na hakujua kazi nyingine isipokuwa kunyoosha vitu.

Nyumbani, mkewe alikuwa kwenye cherehani. Alikuwa fundi wa nguo aliyesifika mitaa minne, na mlango wa darasa hakuwahi kuuvuka hata kwa kuazima kiti. Namba aliwaachia wenye shida nazo. Kila mteja alipimwa kwa kamba: fundo hapa kwa kifua, fundo pale kwa kiuno, fundo jingine kwa urefu wa gauni, na mwisho wa kamba kipande cha kitambaa cha kumtambulisha. Kamba zilining'inia kwenye misumari ukutani, mji mzima umejipanga humo, wembamba na wanene. Akina mama waliokosana mtaani walining'inia msumari mmoja bila ugomvi.

Pimamaji alimhadithia habari za kuta za lori, akingoja acheke. Hakucheka.

"Sasa cha ajabu kiko wapi?" aliuliza, sindano ikiwa mdomoni. "Mimi nakata mikono mezani, nakata kola mezani, halafu naunganisha. Nyie waashi ndio mnaoshona gauni mwilini mwa mtu, amesimama akinyeshewa miezi minane."

"Lakini unajuaje kwamba mkono utaingia begani, mama watoto?"

"Kwa sababu nimepima kwapa kabla ya kukata. Wewe unakata kwanza, halafu mteja anapata kwapa atakalopata."

Pimamaji alizitazama kamba ukutani kama anaziona kwa mara ya kwanza, na hakumaliza chai yake.

Kazi ya msingi ilikwenda vizuri kuliko alivyoogopa. Walichimba, wakasuka nondo, wakamwaga zege, na kila chuma kilisimamishwa kwa futi ile isiyo na pua: Kokoto penye kumi, Pimamaji akiongeza kumi upande wa pili. Injinia alipima vyuma vya kuta tatu za kwanza kwa mashine yake ya miguu mitatu. Akakuta sawa. Akapima vya ukuta wa nne, sawa. Vya wa tano aliona aibu kuvipima, kama mtu anayemhesabia mwenyeji vijiko. Badala yake, walipofika wa tisa, alimletea Pimamaji zawadi: futi mpya, ya manjano, yenye pua inayouma ubao yenyewe bila kushikwa.

"Itazame, shemeji!" Kokoto alipiga kelele. "Inang'ata!"

Siku hiyo walisimamisha vyuma vya ukuta wa tisa, ule wa chumba cha kujifungulia. Kesho yake Pimamaji aliirudisha futi mpya mfukoni. Alisema inameremeta mno, inamfanya ajione yuko sokoni. Wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili zikamalizwa kwa futi ya zamani.

Zege likawa linakauka. Zilibaki siku tatu kreni ije, na Pimamaji hakuwa na la kufanya isipokuwa kuwaza. Alitaka kuziona kuta. Hakutaka kuambiwa zikoje, alitaka kuziona kwa macho yake na kuzigonga kwa vidole vyake. Mkewe alichoka kumwona akizunguka meza. Akakata kamba kumi na mbili ndefu, akafunga kila moja kitambaa cha rangi yake.

"Nenda ukawapime wateja wako," alimwambia. "Na ukirudi bila mafundo usinisemeshe."

Alidandia lori la saruji asubuhi. Kiwanda kilikuwa banda kubwa kuliko soko, na ndani yake kuta zilikuwa zimelala. Hilo lilimshangaza kwanza, kwamba ukuta huzaliwa umelala kama mtoto yeyote, kisha ndio husimamishwa. Watu walipanga nondo na fremu za madirisha juu ya meza ndefu za chuma, wakazungushia mbao, wakamwaga zege. Kisha meza ikaanza kutetemeka, mapovu yakapanda juu na kupasuka, na zege likatulia kama uji uliokubali. Hakukuwa na mvua ndani ya banda, wala mfuko wa saruji ulioganda, wala rundo la matofali yaliyovunjika. Mbao zilezile, waliambizana, zilishazaa kuta mia mbili.

Pimamaji aliuliza kwa nini meza inatetemeka. Aliuliza nani aliyeifundisha kuacha. Aliuliza ukuta unakaa siku ngapi, unafunikwa na nini, una uzito wa ng'ombe wangapi, na kama ukuta wenye dirisha huuonea wivu usio nalo. Aligonga mmoja kwa kidole, akaweka sikio, akaomba wenzake wanyamaze.

"Mzee," msimamizi wa kiwanda alisema, "umekuja kuutazama ukuta au kuuchumbia?"

"Nikiuchumbia utaniambia ana ndugu wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Basi nionyeshe familia nzima."

Zile kumi na mbili zilikuwa zimesimama ubavuni kwenye vyuma, kama vitabu kwenye rafu, kila mmoja na namba yake imeandikwa kwa rangi. Pimamaji alipiga magoti chini ya kila ukuta. Fundo la kwanza kwenye pembe, kisha fundo kila penye tundu, manne, mpaka pembe ya pili. Kitambaa cha bluu ukuta wa kwanza, cha maua wa pili, akaenda hivyo mpaka cha tisa, chekundu, na akamaliza ndugu wote. Msimamizi alimtazama muda mrefu.

"Vipimo vyote vimo kwenye karatasi, unajua."

"Najua. Lakini karatasi siwezi kuilaza juu ya msingi nikaona."

Kesho yake, siku moja kabla ya kreni, walikuwa uwanjani jua likichomoza. Kokoto alishika mwanzo wa kamba kwenye kona ya ukuta, Pimamaji akaivuta. Ukuta wa kwanza: fundo, chuma. Fundo, chuma. Yote manne, kama vifungo vinavyoingia kwenye matundu ya shati. Wa pili hivyohivyo. Ulipofika wa nane Pimamaji alikuwa anacheza, mtu wa hamsini na minane, miguu yenye matope juu ya zege la serikali, na akina mama wajawazito kwenye benchi la zahanati wakimpigia makofi.

Kisha akavuta kamba nyekundu.

Fundo la kwanza lilianguka mahali patupu. Chuma kilikuwa mbele yake, upana wa kiganja. La pili vilevile, na la tatu, na la nne.

"Kamba imenywea," alisema Kokoto.

"Imenywea hii peke yake?"

"Labda nyekundu hunywea."

Pimamaji alivuta za kumi, kumi na moja na kumi na mbili, na zote zilikaa sawa. Akarudi kwenye ya tisa, akakaa chini kabisa, akatoa mfukoni futi mbili, ya zamani na ya manjano, akazilaza sambamba pajani. Alizitazama, moja yenye pua, nyingine inayoanzia kumi.

"Shemeji. Siku ile ya futi mpya, ulishika penye ngapi?"

"Penye pua, si nilikuambia inang'ata? Iling'ata kona ya ubao yenyewe, mimi nikasimama tu kama bwana."

"Hukushika penye kumi."

"Kumi ya nini, na pua ipo?" Kisha Kokoto, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikanyagwa asipige kelele. "Na wewe kule mwisho… uliongeza?"

"Mkono uliongeza. Sikuuliza."

Kutoka ukumbini waliisikia sauti ya mama mmoja nyuma ya lile pazia fupi, na mkunga akimwambia avute pumzi.

Kokoto alisogea karibu, akanong'ona. "Tuna nyundo. Tunavipinda kidogo kidogo, vinalala kuelekea huku, kesho vinaingia. Nani atachungulia chini ya ukuta?"

Pimamaji alilifikiria. Alilifikiria vizuri, kwa kuwa lilikuwa jambo analolijua. Lilikuwa plasta kwa jina jingine. Chuma kilichopindwa kingesimama kesho, pengine na mwaka ujao, na juu yake kungekuwa na ukuta wenye uzito wa ng'ombe wanane, na chini ya ukuta kitanda, na kitandani mtu asiyeweza kuinuka akimbie.

Akatoa simu.

"Mwanangu," alisema injinia alipopokea, "vyuma vya ukuta wa tisa viko kando. Sentimita kumi. Nimekosea mimi. Mashine yako ingenikamata, na wewe ulinionea haya."

"Umejuaje?" injinia aliuliza.

"Nimepima kwa kamba ya mke wangu."

Injinia alifika saa tatu. Alisimamisha ile mashine ya miguu mitatu, akachungulia ndani yake, akaandika, akachungulia tena. Kisha akaiomba ile kamba nyekundu, akaivuta mwenyewe kutoka kona, akaitazama mashine, akaitazama kamba.

"Zinasema neno lilelile," alisema, kama mtu aliyesikia mbuzi akisalimia. "Nyingine zote umezipima hivi?"

"Kumi na moja ziko sawa. Nilicheza hadi ya nane."

"Tulikuona," wakasema wale wa kwenye benchi.

Injinia ndiye aliyejua dawa. Walikata vile vyuma vinne usawa wa zege. Wakatoboa matundu mapya mahali mafundo yalipoelekeza, wakapuliza vumbi lote, wakamimina gundi nzito ya chuma na zege, wakasimamisha nondo mpya. Gundi ilitaka siku nzima isiguswe. Kreni ilikuwa inakuja asubuhi, na isingekubali kungoja kesho kutwa.

"Basi ukuta wa tisa uje mwisho," alisema Pimamaji. "Mke wangu mkono uliokosewa huushona mwisho."

Injinia alimkazia macho, akatoa simu akaita kiwandani. Kwa kuwa kuta hupakiwa kwenye lori kufuata zamu ya kushushwa, ilibidi msimamizi ashushe tano alizokwisha kupanga ili wa tisa uingie ndani kabisa. Sauti yake ilisikika mpaka upande wa pili wa uwanja. Neno moja tu lilieleweka wazi, nalo lilikuwa "mchumba".

Siku ya kreni mji mzima ulipita pale kwa visingizio. Wengine walisema wana kikohozi. Ukuta ulipanda angani na dirisha lake, ukazunguka taratibu kama unachagua mtaa wa kuishi, ukashuka, ukaketi. Mpaka saa sita, kuta saba zilikuwa zimesimama, na mkunga alikuwa ameshaingia kwenye chumba kisicho na paa akijaribu swichi za taa. Saa kumi, zilikuwa zimefika kumi na moja. Kati ya wa nane na wa kumi palibaki pengo kama jino lililong'oka.

Wa tisa ulishushwa polepole kuliko wote. Ulipobakiza urefu wa kiganja Pimamaji alilala kifudifudi juu ya msingi, mkononi ameshika kioo cha mkewe cha kujitazamia, akichungulia chini ya ukuta. Injinia alisimama nyuma yake mikono imekunjwa, na ungemkata asingetoa damu.

"Kushoto nywele moja," alisema Pimamaji. Ukuta ukasogea. "Nywele ya mtoto, si ya farasi! Rudisha." Ukarudi. Aliona chuma cha kwanza chini ya tundu lake, cha pili, cha tatu. Cha nne alikitafuta mpaka kioo kikapata ukungu wa pumzi yake. Akakipangusa kwa shati. "Shusha."

Ulishuka bila kelele. Ulitoa tu sauti ndogo, kama mtu mnene anapoketi kwenye kiti kinachomtosha.

Pimamaji aliinuka, akaweka kile kifaa chake juu ya kizingiti cha dirisha. Tone likaenda kulia, likaenda kushoto, likatulia katikati. Injinia alikunjua mikono.

"Madarasa tunaanza mwezi ujao," alisema. "Na kabla lori halijatoka kiwandani, wewe utatangulia na kamba zako. Kila jengo."

"Na futi?"

"Futi nipe zote mbili."

Alimpa ile ya manjano. Ile ya zamani, wakati wa kumimina uji wa saruji kwenye maungio, ilimponyoka mkononi ikadumbukia kati ya ukuta wa nane na wa tisa. Kokoto peke yake aliona jinsi ilivyoponyoka, na anasema mkono ulikuwa umefunguka wenyewe.

Kamba kumi na mbili zilirudi kwa mwenyewe. Siku moja mteja mgeni alikuwa anapimwa, akazungusha macho kwenye misumari, akaona ile yenye kitambaa chekundu inayoshuka mpaka sakafuni na kujikunja mara nne.

"Mungu wangu," alisema. "Huyu mwanamke ni nani?"

"Huyo si mwanamke, ni ukuta wa tisa," alijibu mke wa Pimamaji, akifunga fundo la kiuno. "Na usimcheke, maana kati ya wateja wangu wote ni yeye peke yake hajawahi kunenepa."